Ekzosi ya mbio: kutoka spana hadi programu

Marekani iliwekea pikipiki mpya kikomo cha moshi kuanzia modeli za 1978. Baadaye wengi wakaongeza valvu ya kuingiza hewa safi kwenye ekzosi, ili petroli iliyobaki iungulie humo. Ukifunga ekzosi ya mbio, hewa hiyo huleta milipuko unapoachilia mafuta. Basi mafundi waling'oa valvu na kuziba tundu kwa kibati. Spana ilitosha.

Halafu injini zikapata kompyuta, ikabidi kubadilisha namba ndani ya programu. Sheria haikubagua. Mwaka 2016 Harley-Davidson, bila kukiri kosa, ilikubali faini ya dola milioni 12 kwa kuuza vifaa 340,000 hivi vya kubadilishia programu hiyo. Wenzangu wa kompyuta, programu nayo ni spana.