Duma ya Warusi

Mswahili akisikia "Duma ya Urusi" kwa mara ya kwanza, huenda akamfikiria yule mnyama wa mbugani mwenye mbio. Hawana udugu. Duma ya Kirusi ni wazo, fikra, na imetokana na kitenzi dumat, kufikiri. Zamani maboyari, yaani makabaila wakubwa wa Urusi, waliitwa na mtawala wao wakae wafikiri pamoja, na kikao hicho kikaitwa duma. Wao walishauri, mtawala akaamua. Tsar, yaani mfalme, Peter Mkuu alipounda Seneti mwaka 1711, baraza la maboyari likafifia, ila jina halikufa: mwaka 1785 malkia Catherine II aliipa miji duma zake.

Bunge la taifa zima halikuja kwa hisani ya mtu. Mwaka 1905 Urusi ilikuwa inapigwa na Japani, wafanyakazi walikuwa wamemiminiwa risasi jijini St. Petersburg wakienda kumpelekea Tsar Nikolai II maombi yao, na kufikia Oktoba mgomo ulikuwa umesimamisha hata treni. Tsar akasalimu amri, akaahidi Duma yenye kutunga sheria.

Ilifunguliwa Mei 1906 kwa hafla katika Kasri la Majira ya Baridi. Upande mmoja wa ukumbi walisimama maofisa wa serikali na watu wa ikulu waliovaa sare za nyuzi za dhahabu. Upande wa pili wabunge, baadhi yao wakulima waliokuja na mavazi yao ya kijijini. Walichotaka wakulima hao ni ardhi ya mamwinyi. Tsar, aliyekuwa amejiachia haki ya kukataa muswada wowote na kulivunja bunge, alilivunja baada ya siku 72.

Duma ya pili iliponea chupuchupu: Machi 1907 dari la ukumbi wake liliporomoka juu ya viti kabla wabunge hawajaingia. Miezi mitatu baadaye Tsar aliivunja nayo, na waziri mkuu Stolypin akabadilisha sheria ya uchaguzi ili wenye mashamba makubwa wapate viti vingi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ya tatu iliruhusiwa kumaliza miaka yake mitano. Ya nne ilizikwa na mapinduzi ya 1917.

Wakomunisti walioshika madaraka baada ya hapo waliyaita mabaraza yao soviet. Duma ilirudi na katiba ya Desemba 1993. Leo ina wabunge 450, hukutana Moscow, na katiba bado inampa rais uwezo wa kuivunja katika hali maalumu.