Darasa la Nane la Zamani na Kiingereza Chake

Ndugu msikilizaji, ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, hukosi kumsikia mtu akisema kwamba darasa la nane la zamani linamshinda mhitimu wa kidato cha nne wa siku hizi, hasa kwa Kiingereza. Wazee waliosoma darasa hilo waliosalia ni wachache, lakini kauli hiyo imerithiwa na watoto na wajukuu wao. Nayo si maneno ya barazani tu. Ndiyo inayomfanya mzazi auze ng'ombe ili mwanawe aingie katika shule yenye kibao cha Kiingereza. Basi leo tuipime kauli hiyo kwa mizani ya historia.

Kiingereza si lugha ya kwanza ya kigeni kupandishwa mlimani. Wajerumani walitawala kwa kutumia Kiswahili. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikishikilia Kichagga. Mmoja wao, Bruno Gutmann wa Old Moshi, aliamini kwamba lugha ya ukoo ndiyo inayomjenga mtu. Waingereza walipouchukua mlima mwaka 1916, ofisi kubwa zikahamia kwenye Kiingereza. Kisha ikaja kahawa. Wakulima wenyeji waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Chama cha namna hiyo kina barua, hesabu, mikataba na mabishano na serikali. Wachagga wakaona mapema kwamba asiyejua lugha ya karatasi hizo atasomewa na mwingine, na atasomewa kile ambacho huyo mwingine anataka akisikie.

Hata hivyo, mlima haukuzitupa lugha zake nyingine. Petro Itosi Marealle alipoandika maisha na desturi za Wachagga mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili. Gazeti la Komkya la miaka ya 1950 nalo lilikuwa la Kiswahili. Kichagga kilikuwa cha nyumbani, Kiswahili cha gazetini, Kiingereza cha ofisini, na kila lugha ilikuwa na kazi yake.

Shule nazo zilipangwa kwa ngazi. Madarasa manne ya mwanzo yalifundishwa kwa Kiswahili. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Humo Kiingereza kilikuwa somo zito, na kadiri madarasa yalivyopanda kikageuka kuwa lugha ya kufundishia. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na mambo matatu mikononi: hadithi, maneno na sarufi. Tuyatazame moja moja, maana siri iko hapo.

Tuanze na maneno. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Michael West, aliyefanya kazi Bengal huko Bara Hindi, aliona wanafunzi wakizamishwa katika maneno mengi wasiyoyahitaji. Akatunga vitabu ambavyo maneno mapya yaliingia machache machache, na kila neno likarudiwa hadi likae. Mwaka 1953 alitoa orodha yake maarufu ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Fikra hiyo ilienea katika vitabu vya shule vya makoloni ya Uingereza. Haba na haba hujaza kibaba: mtoto hakupewa kamusi aimeze, alipewa akiba ndogo aitumie kila siku.

Jambo la pili ni hadithi. Kwa kutumia akiba hiyo ya maneno, vitabu vikubwa vya Kiingereza viliandikwa upya kwa lugha nyepesi. Lakini hapa kuna jambo tunalolisahau. Baadhi ya hadithi hizo zilikuwa zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1929, Elisi Katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940, na Gulliver naye alikuwa na safari zake za Kiswahili. Mtoto aliyezisoma hadithi hizo kwa Kiswahili, akaja kukutana nazo kwa Kiingereza, hakuwa mgeni. Alijua nani ataokoka na nani ataangamia, na kazi iliyobaki ilikuwa kujua Kiingereza kinalisemaje jambo analolijua.

Jambo la tatu ni sarufi, nayo ndiyo iliyowatoa watu jasho. Kiswahili na Kichagga havimtengi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. "Yeye" ni yeye tu. Kiingereza humlazimisha mtoto achague kila mara, na akikosea, mama mzazi anageuka mwanamume. Sisi husema "nimeona mtu", tukamwachia msikilizaji aelewe kama ni yeyote au ni yule tuliyemtaja. Kiingereza hudai kijineno cha kuonyesha tofauti hiyo. Lakini ziko pia sehemu ambapo Kiswahili kilimbeba mwanafunzi. Anayejua kwamba "alikuja jana" si sawa na "amekuja" ana nusu ya somo la nyakati tayari mkononi. Mwalimu hodari alianzia hapo.

Kwa hiyo wazee wana haki kwa kiasi fulani. Kiingereza chao kilisimama juu ya usomaji, juu ya maneno yaliyopimwa, na juu ya miaka minne ya Kiswahili kilichokolea. Wanaodhani kwamba fimbo ndiyo iliyowafundisha wanaikweza fimbo bure.

Sasa tugeuze upande wa pili wa mizani. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alieleza kwamba mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Katika sekondari walikuwa 11,832 tu. Yaani yule tunayemsifu alikuwa amepita katika chekecheke. Wenzake waliobaki chini hawasimami leo kutusimulia Kiingereza chao, kwa sababu hawakupewa. Kumlinganisha mteule huyo na mtoto wa kawaida wa leo si haki.

Baada ya uhuru chekecheke ilipanuliwa. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, darasa la nane likaondolewa hatua kwa hatua, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto aingie shule. Hayo yalikuwa mambo mema. Ila sekondari ilibaki na Kiingereza kile kile, bila ile ngazi ya katikati ya kupandia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walikuta Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kiko chini mno kuweza kubeba masomo. Mpango wa msaada uliofuata ulitia mkazo katika kitu gani? Ulipeleka mashuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Dawa ikawa ile ile ya shule ya kati.

Ndugu msikilizaji, leo vibao vya shule za mchepuo wa Kiingereza vimejaa kando ya barabara za mlimani. Sina ugomvi na vibao. Ninachosema ni kwamba historia yetu haionyeshi mtoto aliyejua Kiingereza kwa kunyang'anywa Kiswahili akiwa na miaka mitano. Inaonyesha mtoto aliyesoma kwanza lugha anayoielewa, kisha akapewa ya pili kwa mpango, pamoja na kitabu.

Basi mzazi unapokwenda kuandikisha mtoto, iwe shule ya kulipia au ya serikali, uliza maswali haya. Je, shule ina sanduku la vitabu vya hadithi, au ina vitabu vya mitihani tu? Mtoto humaliza hadithi ngapi kwa muhula? Mwalimu mwenyewe husoma? Na nyumbani kwako, kuna kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho mtoto anaweza kukifungua jioni? Ukikuta majibu ni hapana, kabla hujauza ng'ombe wa pili, itisheni kikao cha wazazi mnunue vitabu. Vitabu ishirini vikizunguka darasani mwaka mzima vitafanya kazi ambayo kibao hakiwezi kuifanya.