Hamu ya Sinema za Utotoni: Sindbad wa Sinema na Sindbad wa Hadithi

Watu wazima wanapozikumbuka sinema za majini, mazimwi na safari za ajabu walizozitazama utotoni, aghalabu huzisifu kuliko zote zilizozifuata. Ni rahisi kuidharau hamu hiyo na kuiita ulegevu wa moyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hamu hiyo ni ushahidi wa kihistoria, na kama ushahidi wowote, hapana budi ihojiwe. Mfano wetu ni sinema za Ray Harryhausen.

Harryhausen alizaliwa Los Angeles mwaka 1920. Mwaka 1933, angali kijana mdogo, aliitazama King Kong, sinema ambayo sokwe wake alitiwa uhai na fundi Willis O'Brien. Tangu siku hiyo alishughulishwa na swali moja: sokwe yule alikwendaje? Jibu lilikuwa katika ufundi wa subira. Kinyago kidogo chenye mifupa ya chuma na viungo vya kupindika huwekwa mbele ya kamera. Hupigwa picha moja, husogezwa kidogo mno, kisha hupigwa nyingine. Sekunde moja ya sinema huhitaji picha 24. Katika Jason and the Argonauts (1963), mapigano ya watu watatu na mifupa saba ya wafu yalimchukua zaidi ya miezi minne, nayo huonekana kwa dakika chache tu. Kwa hiyo sinema zinazotamaniwa leo zilizaliwa na hamu ya mtu mwingine aliyewahi kuwa mtoto gizani.

Tuzitazame sasa sinema zake tatu za Sindbad, za miaka 1958, 1973 na 1977. Ile ya kwanza imeitwa safari ya saba, lakini safari ya saba ya Alfu Lela Ulela haimo. Kisa cha mabaharia wanaomla kinda la rukh kimetokana na safari ya tano, na jitu mla watu linakumbusha safari ya tatu. Rukh amepewa vichwa viwili; jitu limepewa jicho moja, pembe na miguu ya mbuzi. Hata baadhi ya majumba ya Mashariki tunayoyaona yalipigwa picha katika kasri la Alhambra, Granada, nchini Hispania. Mtoto aliyeanza na sinema, akija kukisoma kitabu, hushangaa kumkuta rukh ana kichwa kimoja. Hivyo sinema huandika juu ya hadithi, na hamu huuhifadhi mwandiko wa juu.

Jambo hili latuhusu sisi hasa, kwa kuwa rukh ni ndege wa bahari yetu. Marco Polo alimhusisha na Bukini, yaani Madagascar, kisiwa ambacho kwa kweli kiliwahi kuwa na ndege mkubwa asiyeruka, mwenye mayai makubwa kuliko ya mbuni. Visa vya Alfu Lela Ulela navyo vilipata kutafsiriwa kwa Kiswahili enzi ya ukoloni. Lakini sinema zilipotuletea pwani yetu, zilituletea nini? Mighty Joe Young (1949), ambayo Harryhausen aliifanyia kazi chini ya O'Brien na ambayo ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wake, inaanzia Tanganyika. Huko binti wa mzungu anamlea sokwe, ambaye baadaye anapelekwa Hollywood kuwa kichekesho cha ukumbi wa starehe. Nchi yenyewe ni mahali pa kumtoa mnyama tu. Mtazamaji humkumbuka sokwe kwa mapenzi, na nchi akaisahau. Usahaulifu huo ni sehemu ya hamu, na ndiyo sehemu inayopaswa kuhojiwa.

Si kwamba sisi tulikosa madubwana yetu. Katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Majnun na nunda mla watu, ambaye alianza kuwa paka wa nyumbani. Mwana mdogo wa sultani anakwenda porini kumtafuta. Kila amwuapo mnyama humletea mama yake, na mama humjibu kuwa huyo siye. Msikilizaji naye hulazimika kumkuza nunda moyoni mwake kwa kila jibu la mama. Sinema humwonyesha mnyama mara moja, na watoto wote wa dunia huondoka na mnyama yule yule. Hadithi humwachia kila mtoto amwumbe wake.

Kwa maoni yetu, tofauti hiyo si sababu ya kuzikana sinema hizo. Kazi ya mikono iliyosogeza mifupa ile, picha baada ya picha, yastahili heshima. Bali mwalimu wa fasihi akutanapo na mwanafunzi aliyejaa hamu ya Sindbad wa 1958, asimcheke. Amwulize anakumbuka nini, kisha ampe safari ya tano na ya tatu, na kisa cha nunda, aviweke bega kwa bega. Hapo ndipo atakapotambua kipi alikiona, kipi alikisikia, na kipi alinyimwa.