Maziara ya Ukoo wa Van Cortlandt

Kilima hiki cha Bronx, jijini New York, ndicho kilichochaguliwa na ukoo wa Van Cortlandt kuwa maziara yao. Jadi yao, Oloff Stevense van Cortlandt, aliwasili kutoka Uholanzi mwaka 1638 hali akiwa askari. Mwanawe Jacobus akaanza kununua ardhi hii katika miaka ya 1690. Na mjukuu Frederick, aliyeanza kujenga nyumba ya mawe iliyo bondeni mwaka 1748, akausia kwamba chumba cha kuzikia kijengwe hapa juu. Mwaka 1776, vita vilipolikabili jiji, Augustus Van Cortlandt, karani wa jiji, alizisitiri humo daftari za serikali, zikasalimika.

Walakini ngano iliyouneemesha ukoo huu ililimwa na kusagwa kwa jasho la watumwa wenye asili ya Afrika, na miongoni mwao wamo waliozikwa kule chini, karibu na ziwa, pasina ukuta wala jina juu ya kaburi.

Ewe mzuru, ukiwaombea rehema waliositiriwa na ukuta huu, tafadhali shuka ukawaombee na wale.