Ndege wa Hori ya Mida

Kusini ya Malindi, karibu na Watamu, bahari imepenya barani ikafanya hori pana iitwayo Mida, ambayo tangu dahari imewaruzuku viumbe wa namna mbili: wanadamu waliokaa kandokando yake, na ndege waishukiao kila mwaka kutoka nchi za mbali. Habari za wanadamu zimesalia katika magofu ya Gede, mji uliostawi kwa biashara ya bahari hata vyombo vya kaure vya Uchina vikawa miongoni mwa samani zake, ukahamwa katika karne ya 17, na kuanza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948. Habari za ndege hazina magofu, wala hapakuwa na karani wa kuzidhibiti.

Kwa wakaao pwani, thamani ya hori ilikuwa katika samaki, kaa na miti. Mikoko, mikandaa na muia ilikatwa ikapangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ikauzwa kwa korja, yaani miti ishirini ishirini. Na majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakarejea Arabuni na shehena za miti hiyo kutoka mikoko ya pwani yetu, kwa kuwa nchi zile zilikuwa na haja kubwa ya miti ya kuezekea. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya Kenya kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na mwaka 1982 usafirishaji wa boriti ng'ambo ukapigwa marufuku.

Safari ya ndege inashabihi ile ya majahazi. Yuko mmoja mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ili joto la ardhi limsaidie kulitamia. Kuanzia Agosti, kabla kaskazi haijavuma, huanza kuwasili Mida, na Aprili, wakati ambapo majahazi nayo yalikuwa yakitweka matanga kwenda kwao, huondoka. Maji yakipwa, kundi hutawanyika matopeni. Naye kinda, ijapokuwa amekwisha kuvuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, humfuata mzazi wake akilialia mpaka apewe kaa mdomoni. Maji yakijaa, wote hukusanyika penye ardhi iliyobaki kavu, pamoja na sululu, na vitwitwi waliotoka kaskazini kabisa ya Urusi, wakingoja bahari iwaachie tena meza yao.

Mwaka 1968 hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa, na mwaka 1979 eneo hili likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai. Ndipo kutazama ndege kwa darubini, jambo ambalo hapo awali lilikuwa la wageni wachache, kukawa kazi ya vijana wa vijiji vya jirani, wanaojua kila ndege kwa sauti na mwendo wake, na kuwaongoza wageni juu ya daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko. Tangu mwaka 2001 uko mpango ambao kwa huo sehemu ya ada za wageni hulipia karo za wanafunzi wa sekondari wa familia zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mlinzi wa msitu hawezi kuwa macho usiku na mchana, na sheria peke yake haijapata kumshibisha mtu. Lakini mzazi ambaye mwanawe amesoma kwa fadhila ya ndege ana sababu ya kuliweka shoka chini, na sababu hiyo ina nguvu kuliko marufuku yote yaliyotangulia. Wenye kutunga sheria za pwani na waanzie hapo.