Utaridi Inarudi Wapi?

Jedwali la falaki humpa mnajimu mahali pa kila sayari, siku kwa siku, kwa digrii. Mwezi ndio wenye haraka, digrii 13 hivi kwa siku. Jua hujikongoja kwa digrii moja. Utaridi, ambayo vitabu vingine huiita Zebaki, huenda vizuri majuma kadhaa, halafu namba zake zinaanza kushuka: leo 14, kesho 13, keshokutwa 12. Pembeni pameandikwa R, kifupi cha neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kupiga hatua kwenda nyuma. Kwa Kiswahili husemwa tu kwamba Utaridi “inarudi nyuma”, na hapo ndipo tafsiri ya nyota inapoingia kwa mlango wa lugha.

Tangu kale wanajimu wameikabidhi Utaridi maneno, maandishi, biashara na safari. Ikisharudi nyuma, basi mikataba isitiwe saini, simu zitaharibika, na mpenzi wa zamani atabisha hodi. Ukitazama vizuri, ushauri huo haukutoka mbinguni. Umekamuliwa kwenye kitenzi. Na kitenzi chetu ni kizito kuliko cha Kilatini: nguo ikirudi imepungua, mtoto akirudiwa ameadhibiwa, na maendeleo yakirudi nyuma ni msiba wa taifa. Msomaji ameshatishwa kabla hajaambiwa lolote kuhusu nyota yake.

Angani kuna nini hasa? Basi linapolipita lori, abiria huliona lori kama linateleza kinyumenyume mbele ya vilima vya mbali, ilhali magari yote mawili yanakwenda mbele. (Neno sayari lenyewe limetokana na Kiarabu, kwa maana ya mwenye kwenda; siku hizi Mwarabu akisema sayyara anakusudia motokaa.) Dunia iliipita Mirihi kwa namna hiyo kati ya tarehe 6 Desemba 2024 na 24 Februari 2025. Aliyeitazama usiku baada ya usiku, karibu na nyota pacha Castor na Pollux, aliiona ikisogea magharibi badala ya mashariki. Kwa Utaridi mambo ni kinyume: yenyewe hulizunguka jua kwa siku 88, nasi kwa 365, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayotupita, mara tatu au nne kwa mwaka, na kila mara huonekana kurudi kwa majuma matatu hivi. Mirihi inapitwa, Utaridi inapita, na zote mbili hupewa R ileile. Kama istilahi ingekuwa “kupita” na “kupitwa”, mnajimu angelazimika kutunga maana mbili zinazopingana.

Mtu atasema: mbona twasema jua linazama, na hakuna aliyepotoka? Kweli, lakini hakuna anayeahirisha mkataba kwa sababu jua limezama. Neno la mazoea halidhuru mpaka litozwe ada. Mnajimu makini naye atajibu kwamba anajua fika sayari haigeuki, ila yeye husoma mwonekano. Hoja hiyo ina haki yake. Basi istilahi na iutaje huo mwonekano. Napendekeza “kuonekana kwenda kinyumenyume”. Ni ndefu, nakubali, na kwenye jedwali R itabaki R. Lakini anayekwenda kinyumenyume uso wake bado umeelekea mbele. Hajapungua, hajaadhibiwa, wala harudi kwa mtu yeyote.

Mwezi, ambao kweli unatuzunguka sisi, na jua, ambalo sisi ndio tunaolizunguka, havimo katika mbio hizi za kupitana. Katika jedwali la mwaka wowote ule, hata siku moja havipati R.