Kiporo cha kitimoto: jinsi ya kupasha bila kukauka

Wadau, kiporo cha kitimoto kikipashwa vibaya kinakuwa kama soli ya kiatu. Sababu ni kwamba nyama ilishapoteza maji ilipopikwa mara ya kwanza. Ukiirudisha kwenye moto mkali, unamalizia yaliyobaki.

Dawa yake ni mvuke. Chambua nyama vipande vidogo, weka kwenye sufuria, mwagia mchuzi wake au maji, vijiko vinne hivi kwa nusu kilo, kisha funika vizuri. Moto uwe mdogo, dakika 10 mpaka 15, huku ukigeuza. Ukitaka iwe kavu kidogo juu, funua dakika moja ya mwisho. Ndimu na pilipili weka ukishaipua.

Ila usiangalie ulaini tu. Nyama ipate moto mpaka katikati, nyuzi joto 74, mvuke utoke kote. Kama ililala nje ya friji zaidi ya masaa 2, au saa 1 siku joto likizidi nyuzi 32, usiionee huruma, tupa. Kuna sumu za bakteria ambazo haziishi hata ukichemsha. Kwenye friji mwisho siku 4.

Pasha unachokula tu. Kama una njia nyingine, tupe maujuzi hapo chini.